Bosi wangu anahesabu dakika, na nikipumzika najisikia kama mwizi. Nina tatizo gani?

Marahaba dada, nimeipokea. Kwanza samahani, swali lako limekaa kwangu wiki tatu na leo ndo najibu, na kwa mada yenyewe ilivyo najua ushaanza kunicheka. Cheka tu, nitalirudia hilo huko chini.

Kwa wengine watakaosoma: dada anafanya kazi kwa mtandao kwenye timu ya watu wa nchi tofauti. Bosi wake ni Mjerumani, akichelewa kikao dakika tano tu anaandikiwa meseji kavu. Mwenzake Mbrazil anaingia dakika ishirini baadaye anatabasamu, anasalimia wote mmoja mmoja, anaendelea kana kwamba hamna kilichotokea. Na kuna mmoja wa Japani ambaye hajawahi kuchelewa hata mara moja na pia hajawahi kuchukua likizo. Sasa dada anauliza mambo mawili. La kwanza, hivi kweli kuna jamii ambazo hazijali muda, na ile kauli ya "muda wa Kiafrika" ni ukweli au ni dharau. La pili, kwa nini siku akipumzika anajisikia kama ameiba kitu cha mtu, na kwa nini kila anayemuuliza hali anamjibu "niko bize" tena kwa sauti ya kujisifu kabisa.

Nimefundisha haya mambo darasani miaka mingi na watu huwa wananiletea hayo maswali kama mawili tofauti, kumbe ni moja. Nianze na la kuchelewa, lenyewe litatupeleka kwenye la pili.

Jamii isiyojali muda mimi sijawahi kuiona. Kinachotofautiana ni nani anamtawala mwenzake kati ya saa na tukio. Kuna watu ambao saa ndo inaamua: saa 4 imefika tunaanza, nani yupo nani hayupo haituhusu, saa 6 tunafunga hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Na kuna watu ambao tukio ndo linaamua: tunaanza tukishatimia, tunamaliza yakiisha. Mwanaanthropolojia wa Marekani Edward Hall, ambaye alianza kuandika juu ya haya miaka ya 1950, alielezea kwamba wale wa kwanza wanapenda kufanya jambo moja moja kwa mstari, na wale wa pili wanafanya mengi kwa pamoja na kwao mtu aliyesimama mbele yako ana uzito kuliko yule anayekusubiri kwenye kalenda. Ndo maana bosi wako anaona kuchelewa ni kukosa adabu, na Mbrazil wako anaona kumkatisha mtu mazungumzo eti "nina kikao" ndo kukosa adabu kwenyewe. Wote wawili wamelelewa vizuri sana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwanasaikolojia Robert Levine, Mmarekani wa California, ambaye mwaka 1976 alienda kufundisha chuo cha Niterói, mji ulio ng'ambo ya ghuba kutoka Rio de Janeiro. Kipindi chake kilikuwa saa 4 asubuhi mpaka saa 6 mchana. Saa 4 ikafika, darasa tupu. Wanafunzi wakaanza kuingia taratibu, wengine inakaribia saa 5, na kilichomshangaza zaidi ni kwamba hamna aliyeingia kwa kunyata kama mtu mwenye kosa, wanaingia wanatabasamu wanamsalimia. Jamaa akajisemea basi hawa hawana habari na somo langu. Ila saa 6 ilipogonga, muda ambao wanafunzi wake wa California wangekuwa wameshafunga madaftari macho yako mlangoni, hawa wakabaki. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita, wengi bado wamekaa wanauliza maswali. Sasa niambie wewe, hapo nani anajali muda? Tunawapimaga watu kwa jinsi wanavyoanza tu, hatuwapimi kwa jinsi wanavyomaliza, na hilo lenyewe ni kipimo cha upande mmoja.

Baadaye aliwauliza wanafunzi wa pande zote mbili, rafiki uliyepanga kula naye mchana unamhesabu amechelewa baada ya dakika ngapi? Wastani wa California ukatoka dakika 19, wa Niterói dakika 33 na nusu. Angalia hapo vizuri. Mbrazil naye ana mstari, ukiuvuka anakasirika kama mtu mwingine yeyote, ila mstari wake umechorwa sehemu nyingine. Na kuna kitu kingine walikikuta huko ambacho nataka ukikumbuke: Wabrazil walimwona mtu anayechelewa mara kwa mara kuwa ndo mwenye mafanikio zaidi kuliko yule anayewahi siku zote.

Huyuhuyu Levine miaka ya 1990 na wenzake wakapima kasi ya maisha kwenye miji ya nchi 31. Walipima watu wanatembea mita 18 kwa sekunde ngapi, karani wa posta anauza stempu kwa muda gani, na saa za ukutani kwenye mabenki zinasema kweli kiasi gani. Uswisi ikashika namba 1, Ireland 2, Ujerumani 3, Japani 4. Mwisho kabisa Mexico, juu yake Indonesia, juu yake Brazil. Kenya ilikuwa ya 22, mbele ya Uchina. Sasa mtu akikwambia Waafrika wote wako taratibu na Waasia wote wako mbio muulize Uchina na Indonesia wamekaa wapi. Na usinielewe vibaya, sikuleti hapa kusema taratibu ndo bora, maana matokeo yenyewe yaligoma kuchagua upande: miji yenye kasi ilikuwa na vifo vingi zaidi vya ugonjwa wa moyo, na hapohapo watu wake walisema wana furaha zaidi na maisha yao. Kwa hiyo wale wanaouza habari kwamba mwendo wa polepole unaleta furaha, na wale wanaouza kwamba kasi inaleta, wote wanasoma nusu ya karatasi.

Haya, "muda wa Kiafrika". Kuna toleo la kijiweni na kuna toleo la vitabuni, na la vitabuni ndo linanisumbua zaidi. Mwaka 1969 John Mbiti, msomi mkubwa tu wa Kenya na mimi namheshimu, aliandika kwamba fikra za jadi za Kiafrika zina wakati wa aina mbili, akavipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali kama haupo. Ushahidi wake mwingi ulitoka kwenye vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Baada yake wanafalsafa wa Kiafrika wenyewe, mfano Kwame Gyekye wa Ghana, wakampinga, wakisema huwezi kuchukua lugha mbili ukahukumu bara zima. Mimi huwa naongeza kaushahidi kangu kadogo: alikopa maneno ya Kiswahili, lugha ambayo ina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, yaani siku nne za mbele kila moja ina jina lake. Watu wasioona mbele siku zote hizo wangezipa majina za kazi gani? Na methali nazo zisikudanganye. Mtu anakuletea "haraka haraka haina baraka" kama ushahidi kwamba sisi ni watu wa polepole, anaisahau "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako", zote zinatoka mdomo mmoja, inategemea tu siku hiyo anamkanya nani.

Lakini dawa ya kweli ya hii hoja ya "ndivyo walivyo" iko Japani, kwa huyo mwenzako asiyechelewa. Saivi Japani ndo kipimo cha dunia. Novemba 2017 kampuni ya treni ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Sekunde! Mtu akisikia hivyo anahitimisha Wajapani wamezaliwa hivyo, iko kwenye damu. Sasa rudi nyuma mpaka mwisho wa miaka ya 1850, kulikuwa na ofisa wa jeshi la maji wa Uholanzi anaitwa Willem van Kattendijke, alikuwa Nagasaki kufundisha wanamaji. Kwenye kumbukumbu zake analalamika mpaka unamwonea huruma: vifaa vinavyotakiwa viwahi maji kujaa haviletwi kwa wakati, fundi anakuja mara moja halafu harudi tena. Yaani maneno yaleyale ambayo leo wageni wanayasema juu ya nchi nyingine chungu nzima, Mzungu aliyasema juu ya Wajapani.

Na Wajapani hawakuwa wavivu wala hawakuwa na saa mbovu, walikuwa na saa za aina yao. Mchana uligawanywa sehemu sita na usiku sehemu sita, na kwa sababu mchana unarefuka kiangazi na kufupika majira ya baridi, basi na sehemu zenyewe zinarefuka na kufupika. Mafundi wao walitengeneza saa za kurekebishwa kufuata hayo majira, kazi ya akili sana. Hiyo ikaachwa rasmi mwaka 1873 serikali ilipobadilisha kalenda, halafu zikaja reli, viwanda, shule zenye kengele, jeshi, na mwaka 1920 wakaanzisha Siku ya Wakati, tarehe 10 Juni, kwa ajili ya kuwafundisha wananchi kuheshimu saa. Kama ingekuwa kwenye damu wangehitaji siku ya kufundishana? Kwa hiyo kutoka malalamiko ya Kattendijke mpaka taifa la kuhesabu sekunde haikuchukua muda mrefu, ni kama vizazi vitatu vinne, na kazi imefanywa na treni na kengele za shule. Nchi nyingine wamejaribu njia ya mkato, Ecuador walifanya kampeni ya kitaifa ya kuwahi mwaka 2003, Peru nao mwaka 2007, king'ora na sherehe na kila kitu watu wakalinganisha saa zao mchana mmoja. King'ora hakitoshi. Watu wanawahi pale ambapo treni nayo inawahi, kama treni haiwahi basi anayewahi ndo mjinga, anasimama peke yake anasubiri.

Hapo kwenye kusubiri ndo nilikokuwa nakupeleka, maana vitabu vingi vya "tamaduni na muda" vinaruka hili jambo. Ukitaka kujua nani mkubwa mahali popote angalia nani anamsubiri nani. Mgonjwa anamsubiri daktari, mwombaji anamsubiri ofisa, mfanyakazi anamsubiri bosi. Umewahi kuona kinyume chake? Rudi sasa kwenye kile nilichokwambia ukikumbuke, Wabrazil kumwona anayechelewa kuwa ana mafanikio. Inaeleweka, mkubwa ndo anaweza kuchelewa na asifanywe kitu, kwa hiyo kuchelewa kunaanza kunukia ukubwa. Na wewe umenisubiri mimi wiki tatu, sio mimi niliyekusubiri wewe, na umeniamkia juu yake. Ningekuwa ndo nakudai jibu mimi ungeshaniandikia siku ya pili. Kwa hiyo mtu akikwambia kuchelewa ni utamaduni wetu, muulize kwanza, mbona mhudumu wa ofisi hachelewi? Mara nyingi kinachoitwa utamaduni ni ruhusa, na ruhusa haigawiwi sawa. Bosi wako naye, chunguza, akichelewa yeye kikao anaandikiwa meseji kavu na nani?

Sasa twende kwenye hatia yako ya kupumzika.

Ili mtu ajisikie mwizi lazima kuwe na kitu cha kuibwa, na kwa historia ndefu ya binadamu muda haukuwa kitu cha namna hiyo. Mwanahistoria wa Uingereza E. P. Thompson aliandika makala mwaka 1967 akieleza jinsi ulivyogeuzwa. Kabla ya viwanda fundi alifanya kazi kwa kufuata kazi yenyewe, kuna siku anakesha kuna siku amelala, na mafundi wengi wa Kiingereza walikuwa hawafanyi kazi Jumatatu kabisa, waliipa jina la utani Mtakatifu Jumatatu, kama vile ni sikukuu ya kanisa. Kikaja kiwanda. Mwenye kiwanda hanunui tena kiatu kilichokamilika, ananunua masaa ya mtu, na mtu akishanunua masaa lazima ayalinde. Kuna ushuhuda wa wafanyakazi kwamba saa ya kiwandani ilikuwa inasogezwa mbele asubuhi na kurudishwa nyuma jioni, na mfanyakazi aliogopa kubeba saa yake mfukoni asije akaonekana anajua wakati kuliko bosi. Thompson anasema kizazi cha kwanza kilifundishwa na mabosi umuhimu wa muda, kizazi cha pili kikaunda kamati za kudai siku ya masaa kumi, cha tatu kikagoma kudai malipo ya ovataimu. Yaani walipigana na saa mpaka mwisho wakapigana kwa kutumia hiyohiyo saa. Ile Mei Mosi tunayosherehekea inatokana na mgomo wa Marekani wa 1886 wa kudai masaa nane, na masaa nane kwa siku, 48 kwa wiki, yaliingia kwenye mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1919.

Benjamin Franklin alishaisema mapema, 1748, kwamba muda ni pesa, kwenye ushauri wake kwa kijana anayeanza biashara. Na alimaanisha kwa hesabu kabisa: ukikaa nusu siku bila kazi usihesabu zile ulizotumia kwenye starehe tu, hesabu na zile ambazo ungezipata. Soma tena hiyo sentensi ya mwisho dada. Hiyo ndo hatia yako, imeandikwa na mchapishaji wa Philadelphia karne ya 18. Sisi tunasema wakati ni mali, na mimi huwa naona tofauti ndogo hapo ambayo labda ni ya kwangu peke yangu: mali unakaa nayo, unaitunza, unamwachia mtu, wakati pesa kazi yake ni kutoka. Na hata tukikosa muda tunasema "sina nafasi", neno lilelile la mahali pa kukaa. Mtu mwenye nafasi ana sehemu ya kumkaribisha mwingine.

Watu wanadhani muda ukigeuzwa pesa watu watauheshimu zaidi. Si lazima. Kuna utafiti maarufu wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini, uliotoka mwaka 2000, kwenye vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wanachelewa kuchukua watoto, mwalimu anabaki anasubiri. Kwenye baadhi ya vituo wakaweka faini kwa anayechelewa zaidi ya dakika 10. Unajua kilichotokea? Wachelewaji wakaongezeka, karibu mara mbili. Kwanza mzazi alikuwa anamwonea aibu mwalimu, sasa anamlipa, aibu imeisha, amenunua huduma. Na faini ilipofutwa kuchelewa hakukurudi chini. Ile aibu iliyokuwa inafanya kazi bure walishaiuza na haikurudi tena.

Kuhusu kujisifia ubize, hii nayo imepinduka katika muda mfupi tu. Mwaka 1899 Thorstein Veblen aliandika kuhusu matajiri wa Marekani akisema alama ya utajiri ni kutofanya kazi, mikono laini, michezo mirefu, lugha zilizokufa, vitu vinavyoonyesha kwamba una muda wa kuchezea. Leo matajiri wanaamka usiku wa manane na kutangaza kwamba wameamka. Watafiti watatu, Silvia Bellezza, Neeru Paharia na Anat Keinan, walitoa utafiti mwaka 2017: waliwaeleza watu habari za mtu ambaye yuko bize hana mapumziko, na za mwingine mwenye muda wa starehe, halafu wakauliza nani ana hadhi zaidi. Wamarekani wakasema aliye bize, Waitaliano wakasema mwenye starehe. Mtu yuleyule! Maelezo yao ni kwamba ukiwa bize unasema kimyakimya kwamba wewe ni bidhaa adimu, unatafutwa, kama duka lenye foleni. Kwa hiyo rafiki zako wanaokujibu "niko bize" wala hawakujibu habari za ratiba yao, wanakutajia bei yao.

Na ubize unamgeuza mtu, hilo lilionekana mwaka 1973 kwenye jaribio la John Darley na Daniel Batson chuo cha Princeton. Waliwachukua wanafunzi wa seminari, watu wanaosomea uchungaji, wakawatuma jengo la pili kwenda kutoa hotuba fupi, baadhi yao hotuba yenyewe ni juu ya Msamaria Mwema. Njiani wamemweka mtu ameinama anakohoa, anaonekana mgonjwa. Wale walioambiwa wana muda wa kutosha, 63 kati ya 100 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa wafanye haraka, 10 kati ya 100. Kwenda kuhubiri Msamaria Mwema hakukuleta tofauti ya maana, kilichowatenganisha ni haraka. Hawa sio watu wabaya dada, ni watu waliochelewa.

Kuna na ahadi ambayo haikutimia. Mwaka 1930 mchumi John Maynard Keynes alitabiri kwamba baada ya miaka mia, yaani tukifika 2030, watu wangefanya kazi kama masaa 15 kwa wiki na tatizo kubwa lingekuwa wafanye nini na muda uliobaki. Utajiri wa nchi zile ulikua kama alivyosema, hata zaidi. Masaa ndo hayakushuka hivyo, na yalivyoshuka hayakushuka sawa: Mjerumani kwa wastani anafanya kazi kama masaa 1,340 hivi kwa mwaka, Mmarekani kama 1,800, Mmexico zaidi ya 2,200. Ndio, Mexico, ile iliyoshika mkia kwenye kasi ya maisha. Wale tunaowaita wa taratibu ndo wanaofanya kazi masaa mengi, na bosi wako anayekuhesabia dakika anatoka kwenye nchi yenye masaa machache kuliko karibu zote. Ukiyaangalia hayo mawili pamoja yanaelezana kidogo, kwake kazi ina mlango, anaingia kwa wakati ili atoke kwa wakati, na akishatoka ukimpigia simu jioni utamwona alivyo. Dakika tano zako kwake zinagusa mlango wa kutokea.

Mwenzako wa Japani yeye hana huo mlango. Huko kuna neno karoshi, kufa kwa kazi nyingi, na bunge lao lilipitisha sheria ya kuizuia mwaka 2014. Kuanzia Aprili 2019 mwajiri anatakiwa kisheria ahakikishe mfanyakazi mwenye haki ya likizo ya siku 10 au zaidi anachukua angalau siku 5. Fikiria, likizo ya kulipwa, ni haki yake, na bado inabidi sheria imsukume mtu aichukue, kwa sababu anaona aibu kuwaachia wenzake mzigo. Ufaransa walienda upande mwingine, tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zinatakiwa zijadiliane nao haki ya kutojibu meseji za kazi nje ya masaa. Marekani mpaka leo sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo ya kulipwa. Ukiona nchi tajiri zote hizo zimefika sehemu tofauti hivyo, basi kiasi gani cha mapumziko kinatosha hakitoki kwenye asili ya kazi, watu wamebishana wakaamua.

Na usione kwamba kupumzika ndo kumebaki pembeni daima. Wagiriki wa kale waliita muda wa kutokuwa na shughuli *skholē*, ndo neno lililozaa shule za Wazungu na hatimaye "skuli" yetu. Warumi walikuwa na *otium*, mapumziko, na biashara wakaiita *negotium*, yaani hali ya kukosa mapumziko. Kazi ndo iliyopewa jina la kukosekana kwa kitu. Ingawa tusiwasifu sana, starehe yao ilibebwa na watumwa, na hata leo nyumba nyingi mtu mmoja "anapumzika" kwa sababu mwingine, mara nyingi mwanamke, hajakaa chini tangu asubuhi. Hilo dada nadhani unalijua kuliko mimi.

Sasa ufanye nini. Kwenye timu, acha kabisa kubishana nani ana adabu, hamtaelewana mpaka kesho. Pendekeza mkubaliane kikao kipi ni cha saa na kipi ni cha tukio. Cha kupeana taarifa kiwe cha saa, kinaanza na waliopo na kinafungwa palepale kilipopangwa kufungwa, na hapo mshike bosi wako, akikivusha dakika kumi mkumbushe kwa upole kwamba na kuvusha ni kuchelewa. Cha kutatua tatizo kiwe cha tukio, msikiwekee mwisho, hapo Mbrazil wako atakushangaza kwa jinsi atakavyobaki. Ukiona utachelewa sema kabla, sio baada, kwa sababu kinachomuuma Mjerumani sana ni kutojua. Na wewe mwenyewe ukichelewa usijitetee kwa utamaduni, utamaduni ni wa watu wengi na wewe umechelewa peke yako.

Kwenye hatia sina kidonge. Ila wiki moja jaribu mtu akikuuliza hali usiseme uko bize, sema unafanya nini hasa, "naandika ripoti", "nafua", "nimekaa tu". Hilo la "nimekaa tu" litakuwa gumu kulitamka mara ya kwanza, sauti itakwama kidogo. Na usijitetee kwamba unapumzika ili urudi kazini na nguvu, maana hapo bado unamlipa Franklin.

Umesema mwezi ujao una likizo ya siku 12 na umeshaandika rasimu ya emaili ya kuaga yenye sentensi "nitakuwa napitia meseji mara mojamoja". Ifute hiyo sentensi. Bosi wako ataielewa haraka kuliko unavyodhani, yeye mwenyewe hawezi kuiandika. Weka tarehe unayoondoka, tarehe unayorudi, na jina la anayekushikia kazi, halafu uitume.